Uzito wa Turingi

Mwezi uliopita tulimzika Mzee Kakuru huko Kakiika, na mimi, mtu mzima mwenye mjukuu, nilicheka msibani. Sikukusudia. Mwanawe mkubwa alisimama kusoma wasifu wa marehemu, akapita haraka haraka kwenye shule, jeshi na kanisa, na alipofika kwenye lile gari la kizee lililofunikwa turubai upande wa pili wa ua, sauti yake ikapanda. Alisema gari la babu yao lilikuwa na uzito wa mafahali ishirini. Ishirini! Mzee mwenyewe, pamoja na maringo yake yote, hakuwahi kuvuka kumi na wawili, na hata hao kumi na wawili waliongezeka polepole, maana nilipomfahamu alikuwa anasema wanane. Nikamtafuta kwa macho Spesiyoza, mama wa Kirundi aliyetoka Juru alfajiri kwa pikipiki ili kuja kuzika. Nikamwona chini ya hema, amejiziba mdomo kwa ncha ya kitenge, mabega yanamtikisika. Hapo nami nikashindwa. Mama aliyekaa karibu yangu alinipa leso akidhani nalia. Nikaipokea, nikajifuta machozi ya kicheko, na kusema kweli mengine hayakuwa ya kicheko, kwa sababu mzee yule nilimpenda.

Ili mtu aelewe kwa nini wanawake wawili wazima wacheke mbele ya jeneza, itabidi nirudi kwenye mwaka mmoja, mwaka ambao nilikuwa msichana mwenye cherehani na kiburi na hakuna kingine. Ya nyumbani kwetu Kivu na ya njiani sitayasema hapa. Yamesemwa na wengi, na yangu nimeyaacha yalale. Naanzia Nakivale, makazi ya wakimbizi huko Uganda, kijiji cha Kashojwa, kwenye chumba cha mama mdogo wangu, ambacho mlango wake ulikuwa mahali pekee penye mwanga wa kutosha kushonea. Cherehani ilikaa pale mlangoni, kila anayeingia ananiruka, kila anayetoka ananiruka. Mama mdogo alikuwa mtu wa maneno machache, lakini aliyokuwa nayo aliyarudia kila siku wakati wa kusonga bugali. "Nyota, tuko mu fasi ya batu," alisema. "Usikuwe muzito juu ya mutu." Hilo lilikuwa somo lake lote kwangu. Nisiombe chumvi kwa jirani, nisichelewe kurudisha ndoo, nikiugua niugue kimya. Nililishika somo lile kupita kiasi. Jirani akinisaidia kutwika dumu la maji kichwani, nilikasirika. Leo naona ilikuwa namna ya hofu, lakini wakati ule niliita heshima.

Mwaka uleule, kabla sijaondoka Kashojwa, nilikwenda Juru, kijiji cha Warundi humo humo Nakivale, kupeleka sare za shule nilizoshona, na wakati wa kurudi nikakutana na watu wamebeba mgonjwa. Warundi wana machela yao ya kusuka, huiita ingobyi, na jirani akizidiwa watu hukusanyika wakambeba mabegani hadi kwenye zahanati, wakipokezana bila kuiweka chini, na yeyote anayekutana nao njiani lazima atie bega lake angalau kidogo. Siku ile wanaume wengi walikuwa wameshuka mashambani mbali, kwa hiyo wanawake ndio waliobeba. Mgonjwa alikuwa mzee mnene, mnene hasa, machela imejipinda katikati, na wabebaji jasho linawatiririka hadi kidevuni. Mimi sikutia bega. Nilijiona mgeni, na kwetu sikuwa nimezoea jambo lile, basi nikapewa viatu vya mgonjwa nivishike nikafuata nyuma. Nikamsikia yule mzee akiomba radhi kutoka juu: "Munisamehe, banangu, niko muzito." Nao wote, wakihema, wakamjibu kwa pamoja kama watu wanaoitika kanisani: "Uko mwepesi, muzee. Lala tu." Aliyekuwa mbele kulia, mwanamke mrefu mwenye sauti nzito, ndiye aliyeanzisha jibu lile. Huyo ndiye Spesiyoza, ingawa jina lake sikulijua bado. Nilikaribia kucheka njiani, viatu mkononi.

Miezi michache baadaye nilipata kazi Mbarara, kwa fundi aliyekuwa anashona vitambaa vya viti vya magari. Kitambaa kizito cha turubai kilikuwa kinawashinda wenzangu wengi, kinaumiza vidole na kuvunja sindano, lakini mimi nilikipenda kwa sababu hakijikunji wala hakikudanganyi. Siku moja akaja dukani mzee mrefu mwenye fimbo na kofia ya jeshi iliyopauka, akasema anataka mtu wa kushonea gari lake paa jipya, na mtu huyo lazima aje nyumbani kwake, kwa sababu gari haliji mjini. Fundi wangu akamwuliza ni gari la aina gani. Mzee akachora hewani kwa fimbo, akachora tena, mkono ukaenda mbali kila upande. Wenzangu wakainamisha vichwa kazini. Ndipo nikapelekwa Kakiika, nje ya mji, na cherehani yangu na gombo la turubai, nikapewa chumba karibu na jiko, na nikaishi katika ua ule miezi iliyobaki ya mwaka.

Chumba chenyewe kilikuwa stoo ya maziwa. Kwenye rafu zilipangwa vile vyombo vya mti vya Wanyankole, wenyeji wa kule, vyembamba shingoni, vimepakwa samli na kufukizwa moshi hadi vikang'aa vyeusi. Nililala nikinuka moshi na samli, nikaamka nikinuka hivyohivyo, na hadi leo nikikutana na harufu ile sokoni nasimama. Mke wa Mzee kila mtu alimwita Kaaka, bibi, nami nikamwita hivyo. Alikuwa mfupi, mpana, Kiswahili chake cha kuokoteza, moyo wake wa dhahabu. Alinilisha matoke yaliyofunikwa majani, pamoja na ule mchuzi mweupe wa samli wanaouita eshabwe, na alikaa mbele yangu kuhakikisha nimemaliza. Mimi niliyefundishwa nisiwe mzito juu ya mtu, nilikula kidogo na kusema nimeshiba. Kaaka hakuwa mtu wa kudanganywa. "Wewe nakula kama ndege," alisema, "kisha nafanya kazi kama punda. Hapana. Kula." Nikala.

Sasa nilieleze gari. Mzee aliliita Turingi, kwa kuwa ndivyo baba yake alivyoambiwa na Mzungu aliyemwachia, akieleza kwamba magari ya namna ile yalitengenezwa kwa ajili ya watu wa kusafiri mbali wakiwa wazi, upepo usoni, paa la turubai likiwa limekunjwa nyuma. Nilipovutiwa pazia la banda mara ya kwanza, nilidhani naonyeshwa chumba kingine. Lilikuwa refu kuliko chumba changu cha stoo, nililijua hilo kwa sababu nililipima kwa kamba ya kupimia nguo, nikaunga kamba mara kadhaa. Magurudumu yake ya mbao yalinifika karibu na kiuno. Taa zake zilikuwa kubwa kama sufuria za msiba. Kupanda ndani ulikanyaga kwanza ubao wa pembeni, halafu ukajivuta, na ukishakaa kwenye kiti cha nyuma uliwaona watu waliosimama kuanzia juu ya vichwa vyao. Na chini yake kulikuwa na nafasi, jambo ambalo nilikuja kulishukuru. Magari ya siku hizi yanalala chini kama kuku anayeatamia. Turingi ilisimama juu ya ardhi, na mtu aliweza kutambaa chini yake kama anavyoingia chini ya meza.

Uzito wake ndio uliokuwa hadithi. Wenzake Mzee wa jeshini walikuwa wanakuja Jumapili baada ya misa, wanakaa barazani upande wa pili wa ukuta wangu, na kwa kuwa wametoka makabila mbalimbali walizungumza Kiswahili chao cha kambini, nami nikishona pindo nasikia kila kitu. "Hii gari hapana mchezo," Mzee alisema. "Mzungu alipima kwa mzani ya pamba. Uzito yake ni ng'ombe ya kiume nane." Mgeni mmoja akisema hata lori la kambi lilikuwa zito, ng'ombe wanakuwa tisa. Mwingine akikohoa kwa mashaka, wanakuwa kumi. Kulikuwa na hadithi ya daraja lililovunjika, na hadithi ya fundi wa zamani aliyejaribu kuliinua kwa jeki, jeki ikazama ardhini ikapotea, hawakuiona tena. Mpaka tunafika msimu wa mvua ng'ombe walikuwa kumi na wawili, na ua mzima, watoto, wachungaji, majirani, kila mtu aliamini kwamba Turingi hainyanyuliki kwa mkono wa binadamu. Ilisukumwa mara moja kwa mwaka, kwa maombi.

Na Mzee aliitunza kwa namna yake. Kwa kuwa magurudumu yalikuwa ya mbao, aliyatunza kama Mnyankole anavyotunza mbao iliyo njema: aliyapaka samli. Kila baada ya wiki kadhaa alichuchumaa na kitambaa, akasugua mti mmoja mmoja wa gurudumu mpaka ukang'aa kama chombo cha maziwa. Akafukiza na moshi pia, banda likajaa moshi, ng'ombe wakakohoa. Kaaka alisimama mlangoni mikono kiunoni. "Samuli yangu yote nakula gari," aliniambia mimi, kwa sababu kumwambia mumewe alikuwa ameshachoka. Tulicheka. Hakuna aliyefikiria kwamba kuna wengine wanaopenda samli, wadogo, wenye meno, wanaofanya kazi upande wa ndani ambao kitambaa cha Mzee kilikuwa hakifiki kukagua.

Paa lilikuwa litumike siku ya mjukuu wao, kwenye sherehe ya kumtoa bibi harusi kwao, ambayo Wanyankole huiita kuhingira. Mzee alikuwa ameapa kwamba binti atatoka getini amekaa juu ya Turingi. Siku moja kabla ya sherehe ua ulijaa watu: wanaosimika nguzo za hema, wanaomenya, wanaotoa amri. Mvua ilikuwa imenyesha wiki nzima na sakafu ya banda, ambayo ilikuwa udongo mtupu, ililainika. Mimi nilikuwa ndani ya gari namalizia ukanda wa mwisho, mkasi ukaniteleza, ukapita kwenye tundu la sakafuni pale pa pedali, ukaanguka chini. Nikashuka, nikatambaa kuufuata. Niliushika. Nilikuwa nimeshageuka natoka, kichwa na kifua viko nje, niliposikia mlio kama wa kuni kavu, nikaona mwanga umepungua, na Turingi ikaketi juu ya mguu wangu.

Sikusikia maumivu kwanza. Nilisikia kimya, halafu nikasikia ua mzima unapiga kelele. Gurudumu la nyuma lilikuwa limevunjika miti yake yote kwa mara moja, kona ile ya gari ikashuka, na ule ubao wa pembeni, pamoja na chuma kilichoushikilia, ukanikandamiza mguu wa kulia chini ya goti. Udongo laini ndio ulioniokoa, mguu ulizama badala ya kuvunjika. Lakini udongo uleule uliendelea kulainika, na gari likaendelea kushuka. Nililisikia. Halikushuka kwa kishindo, lilishuka kidogo, likapumzika, likashuka tena. Nilifikiria jambo moja tu, nasema bila aibu: sikufikiria Mungu wala mama mdogo, nilifikiria kwamba mguu wa kulia ndio ninaoanzia nao cherehani. Bila mguu ule ningekuwa mzigo kwa watu maisha yangu yote. Kufa sikukuogopa kama nilivyoogopa hilo.

Mzee alikuja bila kofia, mara ya kwanza kumwona bila kofia. "Mtu asiguse!" alipiga kelele. "Hii gari ikisonga kidogo, nakata mguu! Itisheni gari ya kuvuta kutoka mjini!" Kijana mmoja akapanda baiskeli akaondoka na matope. Wanaume waliokuwa wanasimika hema, wanaume wenye vifua, wakasimama nusu duara wakiwa na nguzo mikononi, na wakaanza kujadili. Nililala pale chini nikisikiliza watu wakinijadili kwa lugha nne. Mmoja alisema ng'ombe kumi na wawili, hata tukiwa hamsini hatuwezi. Mwingine akakumbuka ile jeki iliyozama. Wa tatu akasema afadhali kuchimba chini ya mguu, wa nne akasema ukichimba linashuka lote. Kaaka alikuwa amepiga magoti kwenye matope na gauni lake la sherehe, amenishika mkono, anaomba kwa lugha yake. "Kaaka, inashuka," nilimwambia. Akamgeukia mumewe akampigia kelele maneno ambayo sikuyajua na sikuhitaji kutafsiriwa. Mzee aliwazuia kwa mikono miwili waliosogea. Naye aliamini. Hilo ndilo lililonitisha kuliko yote, kwamba aliyeitunga hadithi ndiye aliyeiamini zaidi.

Wakati huohuo lori dogo likaingia getini likiwa na magunia ya maharagwe ya sherehe, na juu ya magunia wanawake wa Juru waliokuwa wameyaleta. Nilisikia vishindo vya miguu vikishuka, nikasikia sauti nzito ya mwanamke ikiuliza, "Kuna mutu huko chini?" Nikaitambua kabla sijamwona. Akaja akainama, uso wake ukawa karibu na wangu, akanitazama kama mtu anayetazama sufuria kama imeiva. "Weye si ni ule mutoto wa viatu?" akaniuliza. Nikasema ndiyo, mama, ni miye. Akasimama. "Sasa munangojea nini?"

Wakamweleza. Wakaanza habari ya mzani wa pamba. Yeye alikuwa tayari anafunga kitenge kiunoni, na wenzake nao wanafunga, bila kuulizana, wamekwisha kujipanga kwenye ile kona iliyoshuka, waliowahi wakatia mabega chini ya ubao, waliokosa nafasi wakatia mikono, warefu nyuma, wafupi mbele, kama wanavyojipanga kwenye machela. Mzee akapiga kelele, "Hapana! Nyinyi wanawake, hapana!" Spesiyoza hakugeuka hata kidogo. Akaanzisha ule mwito wa wabebaji, neno fupi la Kirundi, wenzake wakaitika, akaanzisha tena, wakaitika, na mara ya tatu hawakuitika kwa mdomo. Nikaona mwanga unaingia chini ya gari. Mwembamba kwanza, halafu mpana. Kaaka na mtu mwingine wakanivuta kwa makwapa, nikatoka kwenye matope kama muhogo, na nyuma yangu Turingi ikashushwa polepole, kwa adabu.

Mguu ulikuwa mweusi, umevimba, una mstari wa chuma kuanzia chini ya goti hadi karibu na kifundo. Lakini vidole vilicheza. Kaaka alipoona vidole vinacheza alipiga kigelegele ambacho nadhani kilisikika mjini, na ua wote ukapumua. Watu walicheka na kulia pamoja, mtu akanimwagia maji, mtu akaniletea maziwa, mimi nilikuwa nacheka sijui nacheka nini, nachezesha vidole tu, natazama vidole. Nimepata furaha nyingi tangu hapo, nimeolewa, nimezaa, lakini unafuu kama ule, unafuu wa kuona vidole vyako mwenyewe, sijaupata tena. Hata mvua ilipoanza upya hakuna aliyekimbia.

Mzee alikuwa bado amesimama palepale. Alinitazama, akamshukuru Mungu kwa sauti, akafuta macho, kisha nikaona jambo jingine likimwingia usoni polepole. "Nyinyi," akawaambia wanawake wa Juru, "mumenyanyua Turingi?" Spesiyoza alikuwa anafungua kitenge chake. "Haikuwa muzito, muzee," akasema. "Ni kama kitunga ya maharagwe." Maskini Mzee! Alikuwa amefurahi hadi kulia, na palepale ametukanwa. Akaenda kuchuchumaa kwenye gurudumu lililovunjika, akakiokota kipande cha mti, akakigeuza. Upande wa nje kiling'aa kama kioo. Upande wa ndani kilikuwa kimetafunwa na panya hadi kimebaki chembamba kama ufito. Kaaka akamwinamia begani. "Panya nakula samuli yangu," akasema, "na gari yako pia." Bibi harusi alitoka getini kesho yake juu ya pikapu ya jirani, amependeza vilevile.

Baadaye, nilipoweza kutembea, nilikwenda Juru kumshukuru Spesiyoza. Nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kujibu mashtaka. Nilikaa kwenye kigoda chake, nikala maharagwe na ndizi, na nikamwuliza mara ya kwanza, na baadaye kwa miaka mingi niliendelea kumwuliza kila tulipokutana: "Mama, sema kweli. Ilikuwa muzito?" Na kila mara alicheka kicheko kilekile. "Gari ile? Hapana. Wanaume ya kule walidanganywa na muzee yao." Nami nikamwamini. Nilimwamini kwa moyo wote, na kumwamini kulinifungua. Maana kama kunitoa kulikuwa kazi ndogo, basi sikuwa mzito juu ya mtu. Niliweza kurudi Kashojwa nikaomba chumvi. Niliweza kumwachia jirani anitwike dumu. Nikaolewa na mtu aliyependa kunibebea vitu, nikamwacha abebe. Hadithi ya ng'ombe kumi na wawili ikawa utani wetu, mimi na Spesiyoza, na tukikutana mjini nilimwuliza anauzaje ng'ombe leo, tukacheka hadi watu wakatuangalia.

Sasa narudi msibani. Mzee alikuwa ameacha maneno kwamba siku ya kutolewa nyumbani Turingi isimame mlangoni, paa limefunguliwa, paa langu, lile la turubai ambalo limedumu. Baada ya wasifu, vijana wakalitoa turubai la kufunikia wakaanza kuisukuma. Magurudumu yake yalikwisha kutengenezwa upya zamani, imara, bila samli. Ikafika karibu na mlango, gurudumu la nyuma likateleza likaingia kwenye mfereji wa maji ya mvua, na gari likaegama likaziba njia. Jeneza liko ndani, wabebaji wako tayari, kasisi ameshafungua kitabu. Vijana wakatoa simu. Nikasikia mmoja wao anasema maneno niliyowahi kuyasikia nikiwa nimelala chini: itisheni gari la kuvuta.

Nikavua viatu. Nikamkabidhi Spesiyoza mkoba wangu, yeye mgongo haumruhusu tena kuinama, nikafunga kitenge kiunoni. "Munangojea nini?" nikawaambia vijana, kwa madaha kabisa, mimi niliyejua siri ya gari hili. "Ni kama kikapu cha maharagwe." Wakaja, na wanawake wengine wakaja, tukajipanga kwenye kona, nikatia bega chini ya ule ubao ambao niliwahi kuuona kwa upande mwingine. Nikatoa mwito. Tukainua.

Halikusogea. Sisemi lilisogea kidogo, nasema halikusogea. Chuma kiliniingia begani, na kitu fulani kikakakamaa kiunoni mwangu. Tulikuwa wengi, wengi kuliko wale wa Juru siku ile, na nusu yetu wanaume walioshiba. Tukapumua, tukajipanga upya, nikaita mara ya pili, na safari hii likapanda, taratibu, kwa kulazimishwa, na katika kupanda kule nililisikia lote, kila kilo ya chuma na mbao, likinishukia kutoka begani hadi kwenye nyayo. Nikajua. Pale pale chini ya ubao, meno nimeyauma, nikajua kwamba Mzee hakuwa mwongo mkubwa kama tulivyomfanya, na nikawaona wale wanawake wembamba waliotoka mbali juu ya magunia, na nikasikia yule mgonjwa mnene anaomba radhi kutoka juu ya machela na wale wanaohema wanamjibu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, wahenga walisema, na mimi miaka yote hii nimeubeba mzigo wao kama usufi, nikiutania. Tukalisogeza gari, tukaliweka chini. Njia ikafunguka. Mzee akatoka nyumbani kwake akapita mbele ya Turingi, mabegani mwa watu, kama alivyotaka.

Nilirudi pale Spesiyoza alipokaa na mkoba wangu mapajani. Nilikuwa nahema, jasho limeingia machoni, bega linawaka moto. Nilitaka kusema mengi. Nilitaka kumshika miguu. Alinitazama usoni muda mrefu kidogo, akaona kwamba nimeona, na macho yake yakawa ya mtu aliyekamatwa. Akanipa mkoba.

"Nyota," akasema, "ilikuwa muzito?"

Nikajifuta jasho kwa leso ya yule mama.

"Hapana, mama," nikamwambia. "Ilikuwa mwepesi."